Msaada wakuu: ekzosi ipi inafaa pikipiki ya zamani? Nina mpaka Jumamosi

Mtu_wa_Ifunda
Wakuu heshima kwenu. Nina pikipiki yangu ya zamani kidogo, ilikuwa inatembea vizuri tu ila siku hizi imekosa nguvu, kupandisha Ipogolo kwenda mjini Iringa nashuka mpaka gia ya pili na nyuma moshi unafuka kama nachoma mkaa. Nimepeleka kwa fundi kapima valvu, kanichaji elfu 15, kasema valvu ziko poa tatizo ni bomba limechoka tafuta lingine. Sasa kuna ekzosi fupi ya Kichina elfu 65, ina stika ya kampuni kubwa ya Ulaya, mlio wake si wa kitoto. Na kuna mchomeleaji hapa jirani anasema ananichongea kwa elfu 40. Ipi itadumu? Naombeni majibu ya haraka, mwisho Jumamosi. Matusi sitaki.

Chapati_Mbili
Funga vuvuzela, elfu 5 tu na chenji unapata.

Bi_Mkubwa_wa_Mtaa
Nyie vijana na hizi kelele mtakuja kutuua. Mtaani kwetu kuna mmoja anapita saa kumi na moja alfajiri na hilo dude lake, mjukuu wangu ana miezi miwili anaruka kitandani kama kapigwa shoti. Mnatafuta nini? Mlio unakuletea ugali?

Mtu_wa_Ifunda
Shikamoo mama. Sitafuti kelele mama yangu, natafuta nguvu ya kupanda mlima.

Bi_Mkubwa_wa_Mtaa
Marahaba. Umeandika mwenyewe "mlio si wa kitoto". Mimi kusoma najua.

Duka_la_Spea
Mkuu hiyo ya stika ninayo, nyeusi na ya rangi ya upinde. Njoo inbox.

Kobe_Hana_Haraka
Uza hiyo, ongeza hela chukua Boxer. Mimi nilihangaika na mkweche miaka mitatu, kila wiki spea, nikapiga hesabu hela niliyokula kwa mafundi ningekuwa na kiwanja. Sa hivi nina Boxer naweka mafuta nasahau.

Mkulima_wa_Nakuru
Buda, hiyo nduthi ni gani kwani? Umeongea mambo ya stika na mlima lakini jina ya pikipiki hujataja. Hatuwezi kukusaidia hivyo.

Mtu_wa_Ifunda
Ni Yamaha tu ya kawaida.

Spana_Namba10
Yamaha ya kawaida ndio ipi? Ziko mia. Modeli, mwaka, cc.

Mtu_wa_Ifunda
DT 125. Mwaka sijui vizuri ila ni ya miaka ya 80.

Mwana_wa_Karani
DT!!! Aisee umenikumbusha mbali. Mzee wangu alikuwa nayo Makete, bluu, nyuma imefungwa kikapu cha mianzi. Ilikuwa inasikika toka ng'ambo ya bonde, ng'eeee ng'eeee, sisi tunajua tuna robo saa nzima ya kurudisha mbuzi zizini na kujifanya tunasoma. Akifika anaiegesha pembeni ya jiko, na ule moshi wa oil ya 2T ukichanganyika na wa kuni, hiyo ndio harufu ya baba kwangu mimi mpaka leo. Ilipouzwa nililia, na nilikuwa form three.

Chapati_Mbili
Karani, uzi wa mtu huu.

Spana_Namba10
Ngoja ngoja. DT 125 ya miaka ya 80 ni 2-stroke, zile injini zinazochoma oil pamoja na petroli. Haina valvu za kupima, mlango wa silinda unafunguliwa na kufungwa na pistoni yenyewe. Kuna ridi, vile vijani vyembamba kwenye njia ya kabureta, ila hivyo havipimwi kwa fila, vile vibati vya kupimia nafasi, kama valvu za Boxer. Sasa huyo fundi alipima valvu ipi?

Kobe_Hana_Haraka
Hahahaaa CHAI hiyo! Nilijua tu. Huyu hana hata baiskeli.

Chapati_Mbili
Na sukari kaweka. Si ndio huyu juzi alikuja na uzi wa kufuga kware?

Mtu_wa_Ifunda
Kware nilifuga kweli na walikufa kweli. Na pikipiki ipo. Fundi ndio kaniambia kapima valvu, mimi nilikuwa nimekaa kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara, namuona kafungua tenki, kainama kama nusu saa hivi, kaja anajifuta futa mikono kasema valvu ziko fresh lete 15.

Kobe_Hana_Haraka
Leta picha.

Mtu_wa_Ifunda
Simu yangu kioo cha kamera kimepasuka.

Kobe_Hana_Haraka
Mnaona sasa 😂😂

Spana_Namba10
Kobe tulia, mtu hawezi kutunga uongo unaomfanya yeye mwenyewe aonekane kapigwa elfu 15. Ndugu umepigwa, tuendelee.

Sikia sasa. Bomba la 2-stroke sio njia ya kutolea moshi tu, ni sehemu ya injini. Kuna muda tundu la moshi na matundu ya mafuta mapya yote yako wazi, mafuta mabichi yanatorokea kwenye bomba. Lile tumbo la bomba lako linanenepa halafu linasinyaa, pale linaposinyaa ndio linarudisha wimbi la presha linayasukuma mafuta ndani ya silinda kabla pistoni haijafunga. Ukifunga hicho kifupi cha stika, kimetengenezwa kwa 4-stroke, hakuna tumbo, nguvu ya mwendo wa kati ndio inapotea kabisa. Na mchanganyiko unabadilika, inabidi uangalie upya jeti, kile kitundu cha mafuta kwenye kabureta, ukiwa mkavu, yaani hewa nyingi mafuta kidogo, pistoni inapata moto inang'ang'ania kwenye silinda. Hapo utaitafuta hata hiyo gia ya pili huioni.

Dalili zako ni za bomba kuziba. Oil ya 2T haiungui yote, inaganda ndani kama lami, hasa ikizidi kipimo. Toa bomba, safisha. Gharama haifiki elfu 10.

Mtu_wa_Ifunda
Asante mkuu ila mchomeleaji ni mzoefu, ameshachonga ya Fekon, ya Sanlg, na bajaji. Na mtu akishaanza kazi sio vizuri kumkatisha.

Mkulima_wa_Nakuru
Akishaanza?

Spana_Namba10
Kaanza nini?

Mtu_wa_Ifunda
Nimempa advansi elfu 20. Alisema anahitaji shingo ya bomba la zamani ili apate kipimo, akalikata na grainda.

Spana_Namba10
Na tumbo liko wapi?

Mtu_wa_Ifunda
Nimeuza skrepa. Elfu 3.

Mwana_wa_Karani
Jamani 😭

Spana_Namba10
Bomba orijino la DT umeuza kwa kilo. Watu wanazunguka Gerezani kule Dar wiki nzima wanalitafuta.

Mtu_wa_Ifunda
Msinihukumu, nilikuwa na sababu zangu. Fundi alishasema limechoka, ningefanya nini?

Bi_Mkubwa_wa_Mtaa
Mwanangu, na Jumamosi kuna nini? Toka mwanzo unaitaja taja hutuambii.

Mtu_wa_Ifunda
Mama, pikipiki ni ya baba mkwe. Alikuwa bwana shamba, ndio aliyokuwa anazungukia vijiji. Kaenda Dodoma kwa matibabu ya macho, kaniachia niwe naiwasha asubuhi injini isilale. Anarudi Jumamosi.

Chapati_Mbili
Kaniachia niwe NAIWASHA. Wewe ukaona uwashe mpaka Ipogolo.

Mtu_wa_Ifunda
Kuwasha bila kutembea kunaharibu betri.

Kobe_Hana_Haraka
Sasa hii naiamini. Uongo hauumi hivi.

Bi_Mkubwa_wa_Mtaa
Macho yake yatakuwa yametibiwa, ataliona. Na asipoliona atalisikia, mtu hasahau sauti ya pikipiki yake. Mwambie mkeo leo leo, asije kusikia kwa baba yake.

Spana_Namba10
Acha kuchati, kimbia skrepa. Wengi wanakusanya mpaka lori lije. Ukilipata usilichomelee kwanza, likiwa limekatwa hivyo ndio nafasi ya kuliona ndani. Liweke juu ya moto wa mkaa, nje, mbali na nyumba, lami iungue iwe jivu, ugonge gonge na kipande cha mbao litoke. Kale kabomba kembamba kanakochomolewa mkiani usikasahau, ndiko kanakoziba kuliko kote. Yakibaki mabaki, kostiki soda ile ya sabuni, unatia soda kwenye maji, SIO maji kwenye soda, vaa glavu na miwani, na isiguse aluminiamu yoyote. Kisha shingo irudishwe palepale ilipokatwa, ipimwe isikae upande, uweke gasketi mpya.

Mtu_wa_Ifunda
Nimerudi wakuu. Nimelikuta, lilikuwa chini ya mabati na fremu ya kitanda. Nimeuziwa elfu 8, jamaa alishaona ninavyohema. Nimeingiza waya wa fensi ndani, umeingia kama sentimita kumi ukagota, nikauvuta umetoka na kitu cheusi kinavutika kama ubuyu ulioyeyuka. Sasa hivi liko chini ya kitanda, chumba chote kinanuka, wife anauliza kimekufa nini humu. Hiyo kostiki Iringa mjini napata wapi?

Bi_Mkubwa_wa_Mtaa
Sokoni, kwa wanaouza vitu vya kutengenezea sabuni. Na hilo bomba litoe chumbani.

Duka_la_Spea
Mkuu kwa hiyo ile ya elfu 65 nisikuwekee?