Tupeane uzoefu: uliyewahi kuingia makumbusho kuona nguo za wabunifu, ulirudi na nini?

Mleta mada, Leicester

Habari zenu wapenzi wa mavazi. Naomba leo tukae hapa kidogo, kila aliyewahi kwenda makumbusho kutazama nguo za wabunifu aseme aliona nini hasa. Sizungumzii jukwaa na wanamitindo wanaopita mbio. Nazungumzia nguo iliyovishwa sanamu, imesimama kimya, na wewe una muda wa kuizunguka.

Naanza mimi. Ni mtoto wa fundi. Mama yangu ana cherehani barazani kwake Tanga tangu sijazaliwa, nami nimekua nikifumua nyuzi na kutia vifungo. Novemba 2022 nilipanda treni hadi London, makumbusho ya Victoria and Albert pale South Kensington, kuona maonyesho yaliyoitwa Africa Fashion. Yalifunguliwa Julai mwaka ule yakaendelea hadi Aprili 2023: vitu zaidi ya 250, wabunifu wa nchi zaidi ya 20 za bara letu.

Ndani taa zimefifizwa. Mwanga hula rangi ya kitambaa, na iliyoliwa hairudi, kwa hiyo wanawasha kiasi cha jicho kuona tu. Ukitoka nje kwenye jua inabidi usimame kwanza. Macho yangu yalipozoea nikaona kazi ya Imane Ayissi wa Cameroon, hariri pamoja na nyuzi za mwale, ule mti wa jamii ya minazi. Kwetu majani ya mnazi na ukindu ni mambo ya makuti na mikeka. Pale nyuzi za mmea zinamwagika mwilini kama maji, juu ya hariri. Huyu ndiye mbunifu wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara kuingizwa kwenye ratiba rasmi ya wiki ya Paris ya nguo za kushonwa kwa mkono, Januari 2020. Sikuondoka pale upesi.

Kisha Shade Thomas-Fahm wa Nigeria. Alifika London 1953 akiwa na nia ya kusomea uuguzi, akaishia kusomea ubunifu wa mavazi. Mwaka 1960 akarudi Lagos kufungua kazi yake. Alichukua iro, lile vazi la kujifunga kiunoni, akalitia zipu. Akatengeneza gele, kilemba cha wanawake wa kwao, iliyokwisha kufungwa, unaiweka kichwani kama kofia na kwenda zako. Nilimpenda papo hapo, maana aliwafikiria wanawake wanaowahi kazini asubuhi na bado wanataka kutoka na vazi la kwao.

Lakini nilikokaa sana ni kwa Chris Seydou wa Mali. Mama yake naye alikuwa mdarizi. Alifanya kazi Paris, akachukua bogolan ya kwao, kitambaa cha pamba kinachofumwa mikanda myembamba, mikanda ikaungwa kwa mkono, michoro ikatiwa kwa tope, akaikata suti na makoti ya kubana. Mwanzoni aliona uzito kuitia mkasi kwa sababu ni kitambaa cha mila. Halafu kuna shida ambayo fundi yeyote ataielewa: michoro ya bogolan ya asili haijirudii sawasawa. Utailinganishaje kifuani? Ikabidi achague mchoro mmoja au miwili na kuwaagiza wachoraji waurudie kitambaa kizima, ili kiweze kukatwa.

Nilipotoka nikampigia mama nimejaa furaha. Akanisikiliza hadi mwisho, ndipo akauliza: "Michoro imekutana mgongoni? Mkono umeingizwaje? Bitana rangi gani?" Sikuwa na jibu hata moja. Simu yangu ilikuwa na picha zaidi ya 30, zote za mbele.

Februari nikarudi na maswali ya mama nimeyaandika kwenye karatasi. Mara hii nilitazama nguo 6 tu, kwa saa 3. Nilichuchumaa kuona pindo, nikapita nyuma ya kila sanamu iliyoruhusu kupita, nikaona pale mikanda ya bogolan ilipoungwa, mstari kwa mstari kwenda chini. Swali la bitana peke yake limebaki hadi leo. Huwezi kufunua nguo ya makumbusho.

Haya, nanyi leteni.

Mchangiaji wa 2, London (kwetu Mombasa)

Dada, asante kwa mada hii. Yangu ni ya 2015, jengo hilohilo, maonyesho ya mbunifu Mwingereza Alexander McQueen yaliyoitwa Savage Beauty. Mimi ni wa maabara, na wakati ule nilikuwa zamu za usiku mfululizo. Tiketi za mchana ziliisha, na hata zingekuwepo, mchana nalala. Nikasikia kwamba wikiendi mbili za mwisho makumbusho hayatafungwa usiku. Nilikuwa na siku ya mapumziko, mwili wangu umeshazoea kukesha, nikaingia saa 8 usiku.

Ile hali sijaiona tena. Watu wazima kwa mamia, saa 8 za usiku, wamepanga foleni kwa utulivu kuona nguo. Kwa jumla maonyesho yale yalipokea watu 493,043.

Kuna gauni la mwaka 2001, la mkusanyo ulioitwa VOSS. Chini ni manyoya ya mbuni yaliyotiwa rangi nyekundu na nyeusi. Juu, kifua chote, ni vioo vya hadubini. Ndiyo, vilevile ninavyoshika kila siku, tunavyopakia tone la damu na kulitandaza. Vimetobolewa na kupakwa nyekundu kimoja kimoja. Watu waliosimama nami waliona vipande vya kioo vinavyong'aa. Mimi niliona kazi yangu. Najua uzito wa kioo kile, najua kingo zake zinavyokata kidole ukiharakisha, najua sauti yake vikigongana kwenye trei. Gauni limetulia kimya pale, lakini mimi nililisikia. Machozi yalinitoka.

Mtu aliyewaza kwamba kitu cha maabara kinaweza kuwa gauni alianzia chini kabisa, mwanagenzi wa miaka 16 katika duka la mafundi suti, Savile Row. Kukata koti alikujua. Ndiyo maana kila kilichofuata, hata kiwe cha ajabu vipi, kilikaa mwilini. Hilo huwa nawaambia vijana wanaotaka kuanza na maajabu kabla hawajajua kuingiza mkono wa koti.

Nilitoka kumekucha. Nikanywa chai kituoni, nikarudi nyumbani kulala.

Mchangiaji wa 3, London (Unguja)

Assalaam alaykum. Yangu si ya mbunifu mwenye jina kubwa, lakini naomba mnipe nafasi.

Mwaka 2013 mke wangu alijifungua na mama akaja kutoka Unguja kumlea mzazi. Februari hadi Aprili mwaka ule makumbusho ya British Museum yalikuwa na maonyesho ya vitambaa vya Afrika, Social Fabric, kiingilio bure, na kanga zetu zilikuwemo. Siku moja nikamwambia, "Mama, twende nikakuonyeshe kanga zilikofika."

Akasimama mbele ya kanga iliyotandazwa ukutani kama picha. Akaisoma jina lake kwa sauti, kama anavyosoma dukani Darajani. Wasichana wawili wenye madaftari ya kuchorea wakasogea, wakaniomba niwafasirie. Mama akaanza kufundisha: huu pindo, huu mji, hili jina. Kisha akauliza, "Na ya pili iko wapi?" Nikamwambia, wameweka moja tu. Akasema, "Kanga ni doti. Moja unajifunga, moja unajitanda. Hii mwenzake yuko wapi?" Akafungua vifungo vya koti lake la baridi, na ndani alikuwa amevaa doti yake kamili, juu ya gauni, na sweta katikati. Akawaonyesha inavyofungwa. Mlinzi wa chumba naye akaja kutazama, akasimama nasi mpaka mwisho.

Msichana mmoja akauliza, haya maneno anaambiwa nani? Mama akacheka akasema, inategemea siku ile umekasirishwa na nani. Jirani, wifi, mke mwenza, au mume mwenyewe. Unapita nayo tu mlangoni kwake, imetosha.

Tangu siku ile, nikiona nguo ndani ya kioo, swali langu ni lile: ilivaliwa siku gani, na ilipitishwa mlangoni kwa nani?

Mchangiaji wa 4, Arusha

Nawasoma kwa hamu na kwa uchungu kidogo. Mimi ni mwanafunzi wa ushonaji, pasipoti sina. Sisi tulio huku tunaonaje?

Mchangiaji wa 5, Doha

Mdogo wangu wa Arusha, anza na mtandao. Makumbusho ya Victoria and Albert yameweka picha za mkusanyo wao wazi, bila malipo, na nyingi unaweza kuzikuza hadi uone uzi. Chagua nguo moja kwa wiki, ichore, jaribu kukisia vipande vyake kabla hujashika karatasi ya kukatia.

Yangu mimi ni Marrakech. Nilipita huko kikazi nikaenda kwenye makumbusho ya mbunifu Mfaransa Yves Saint Laurent, yaliyofunguliwa Oktoba 2017 jirani na bustani ya Majorelle. Jengo lenyewe ni vazi: nje matofali yamepangwa kama kitambaa kilichofumwa, ndani kuta ni laini kama bitana ya koti. Nilifurahi sana. Jambo moja tu liliniuma. Huyu bwana mwaka 1967 alitoa mkusanyo wa shanga za mbao na mwale alioutolea kwa Afrika, na dunia ikaushangilia. Nikawakumbuka wanawake wa kwetu wanaotunga shanga tangu enzi, kazi zao ziko makumbusho mengi, na mahali pa jina la mtengenezaji pako wazi. Ndiyo maana niliposoma hapo juu majina ya Seydou na Shade Thomas-Fahm yameandikwa kwa herufi kubwa, nilifarijika.

Mchangiaji wa 6, London

Mleta mada, kuhusu bitana ya mama: bado unayo nafasi. Tangu mwisho wa Mei 2025 makumbusho hayohayo ya Victoria and Albert yamefungua ghala lao mashariki mwa London, linaitwa V&A East Storehouse. Unaingia mtandaoni, unachagua vitu hadi 5 kutoka ghalani, unaagiza wiki mbili kabla, unaletewa mezani uvitazame. Bure. Si lazima uwe msomi wala mtafiti. Jaribu.

Mleta mada, Leicester: MREJESHO

Wapendwa, nimechelewa kurudi ila nimerudi na habari. Mchangiaji wa 6, Mungu akuzidishie.

Niliagiza gauni la jioni la Cristóbal Balenciaga, la miaka ya 1950. Nililichagua kwa ajili ya mama: huyu Balenciaga alikuwa mtoto wa mshonaji wa kijiji cha pwani huko Uhispania, na alijua kukata na kushona mwenyewe, si kuchora tu. Nililikuta limelazwa juu ya meza pana, na mhudumu mpole ambaye hakunisukuma hata mara moja. Nilimweleza kisa cha mama na karatasi yake ya maswali. Akatabasamu, akalifunua taratibu nilione kwa ndani.

Ndani ya kiuno kuna utepe wake wa pekee unaobeba uzito wa gauni, ili sketi isivute kifua. Kingo za mishono zimezungushiwa uzi kwa mkono, tundu baada ya tundu, mahali ambapo hakuna mtu angetazama isipokuwa aliyelivua. Sikusema neno kwa muda mrefu.

Nikamtumia mama picha 12, zote za ndani. Kule ilikuwa jioni, amefunga kazi. Alizipokea, nikaona alama kwamba amezifungua, kisha kimya. Baada ya nusu saa hivi akatuma ujumbe wa sauti. Nauandika kama ulivyo:

"Mwanangu, nimeziona. Nimeita na wale wasichana wangu wawili tumeziona pamoja. Ndani kasafisha kama nje. Mwambie huyo mama wa hapo ahsante sana. Sasa, kwapa hukupiga. Nataka nione kwapa limekatwaje, mkono unainuka bila kiuno kupanda. Nenda tena."

Nimeshaweka miadi nyingine, Alhamisi ya wiki ya tatu ijayo. Aliye London na angependa kuja naye aandike hapa chini.