Mrejesho: lile swali langu la tiara ya mita 3 au 5

Wakuu, nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Kwa ambao hawakuliona swali, niliuliza mtu wa kilo 70 ambae hajawahi kushika tiara ya kuvuta aanze na ya mita za mraba 3 au 5, lengo ni kufika kwenye kaitisafi (kuteleza majini juu ya ubao ukivutwa na tiara) pale Paje, Zanzibar.

Nimechukua ya 3, ile ya kitambaa kitupu isiyo na fremu, yenye kamba 3, na nawashukuru sana mlioshauri hivyo. Hiyo kamba ya tatu ndo kila kitu aisee, inafungwa mkononi, ukiona mambo yanazidi unaachia tu fimbo ya kuiongozea, tiara inakosa nguvu inashuka yenyewe. Nachezea mchangani maji yakitoka maana ufukwe unakuwa tambarare na mpana, ila nakaa mbali na mashamba ya mwani ya akina mama.

Kitu wanaoanza wakishike: spidi ya upepo ikiongezeka mara 2 mvuto unaongezeka mara 4, kwa hiyo kusi ikichachamaa hata hiyo 3 inakuburuza vizuri tu, hasa ikipita chini katikati mbele yako, ukiipeleka pembeni kabisa au juu ya kichwa inatulia. Ya 5 kwa anayeanza kwenye upepo ule mi siishauri kabisa.

Sahivi nachora nane hewani kwa tiara bila kuangalia mikono, na mwalimu kakubali tuanze mazoezi ya kuvutwa majini bila ubao.