Aliyenicheka kwenye simu kwa sababu ya DNS aje hapa anijibu

Mzee wa Poti 53 (mleta uzi)

Wakuu, naandika huku mkono ukitetemeka, kwa maana simu nimeikata sasa hivi. Kampuni ya intaneti mnaijua nyote na sina haja ya kuitaja, kwa sababu kila mwenye kisanduku chao ukutani ameshausikiliza ule wimbo wao wa kusubirisha wateja, ambao leo nimeusikiliza kwa muda ambao maharage mabichi yangeiva, yakapoa na yakachacha. Hatimaye akapokea kijana, nikamweleza kwa adabu kwamba intaneti ipo ila majina ya tovuti hayapatikani, yaani shida iko kwenye DNS, ule mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, na kabla sijamaliza, bila hata kuziba kipaza sauti chake, akacheka na kumwambia mwenzake: "Kuna mzee hapa anatufundisha DNS."

Kuna mzee hapa! Mimi, ninayewalipa kila tarehe mosi bila kuchelewa!

Nyumbani nina fayawoli, ule ukuta wa kulinda mtandao, niliyoifunga mwenyewe kwa programu ya OPNsense ndani ya kompyuta kuukuu, na kazi ya kutafuta majina inafanywa na programu ya Unbound, ambayo huanzia kwenye zile seva 13 za mzizi, A hadi M, zilizo kileleni mwa DNS, ikikagua njia nzima saini za DNSSEC zinazothibitisha kwamba jibu halijachezewa. Jana saa mbili usiku, binti yangu akiwa katikati ya kujaza fomu ya mkopo wa chuo, kila jina likaanza kurudisha SERVFAIL, yaani "nimeshindwa kupata jibu", ilhali 8.8.8.8, seva ya Google, ilikuwa inajibu ping, ule ujumbe wa kupima njia, bila kupoteza hata pakiti moja. Nikajua njia ni nzima na shida iko kwenye majina. Nikayaelekeza maswali yapite kwa TLS, njia iliyofichwa kwa usimbaji, poti (mlango) 853, na majina yakarudi papo hapo. Nikayarudisha poti 53, mlango wa kawaida wa DNS usiofichwa, yakafa tena.

Ndipo nikaiuliza anwani 192.0.2.1, ambayo imetengwa kwa ajili ya mifano ya vitabuni na haipaswi kuwa na seva yoyote. Ikajibu! Ni sawa na kupiga hodi kwenye kiwanja kitupu ukasikia mtu anakuambia karibu. Kwa hiyo kuna mkono njiani unaoyakamata maswali yote ya poti 53 na kuyajibu wenyewe, na kwa kuwa majibu yake hayana saini, Unbound inayakataa. Hayo ndiyo niliyokuwa naanza kuyaeleza yule kijana alipocheka. Kisha akaniambia: "Baba, chomoa hicho kidude chako, zima ruta, hesabu hadi kumi, washa." Kuzima na kuwasha nimekuzoea, kicheko kile sijakizoea, na sitakizoea.

Ngalawa Mbovu

Pole mkuu. Mimi waliniambia nihesabu hadi thelathini, kwa hiyo wewe umependelewa.

Kibatari

Mleta uzi, kabla hatujaandamana nawe, jibu swali moja. Wengi wanaofunga fayawoli nyumbani huweka kanuni ya kugeuza maswali yote ya poti 53 yarudi kwenye fayawoli yenyewe, ili simu na runinga zisiikwepe. Kama unayo kanuni hiyo na uliuliza ukiwa kwenye kompyuta ya mezani, basi aliyekukaribisha katika kile kiwanja kitupu ni wewe mwenyewe, na kijana wa watu alikuwa na haki ya kucheka.

Mzee wa Poti 53 (mleta uzi)

Kibatari, kanuni hiyo ninayo, na ndiyo maana niliichomoa fayawoli nzima nikaunganisha kompyuta moja kwa moja kwenye kisanduku chao, na 192.0.2.1 ikajibu vilevile. Nilitaka kumwambia hilo pia. Hakunipa nafasi, alikuwa anacheka! Na hata kama ningekuwa nimekosea kila kitu, mteja anachekwa akiwa bado hewani?

Binti wa Mvita

Huku Mombasa nasi tumeyaona, ndugu yangu. Ila mimi langu ni kubwa kuliko lako: shemeji yangu aliweka orodha ya kuzuia matangazo kwenye fayawoli, orodha yenyewe ikazuia na majina ambayo runinga inayahitaji ili iwashe programu zake, kisha akasafiri. Wiki nzima tumeangalia duara likizunguka. Nani atanilipa wiki yangu?

Fundi Mkoko

Mkuu, umeangalia saa? Nauliza kwa sababu kompyuta kuukuu hufa betri ya ubaoni, ile inayotunza saa, na umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka kumi. Saini za DNSSEC zina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo fayawoli ikiamini tuko mwaka 2015 itaziona zote hazijaanza kutumika, nayo itarudisha SERVFAIL kwa kila jina. Baya zaidi, haiwezi kujirekebisha, maana seva ya saa inaitwa kwa jina, na jina halipatikani kwa sababu ya saa. Mimi nilizunguka humo siku mbili mpaka nikaandika seva ya saa kwa namba.

Mzee wa Poti 53 (mleta uzi)

Saa yangu ni sahihi, na TLS isingekubali cheti cha seva, ambacho nacho kina tarehe, kama saa ingekuwa imerudi nyuma miaka kumi. Tafadhali turudi kwenye kicheko.

Ngalawa Mbovu

Fundi Mkoko, hapo umeniokoa! Yangu inaonyesha Januari mosi tangu umeme ulipokatika Jumapili, na mimi nimekuwa nikilisema vibaya shirika zima. Betri yenyewe ni ipi?

Fundi Mkoko

Mara nyingi ni CR2032, ile bapa kama sarafu. Iangalie kwanza iliyomo, kwa sababu nyingine zimefungwa kwa waya.

Binti wa Mvita

Mie niliuziwa ambayo ilikuwa imekufa tayari, ndani ya pakiti mpya, na muuza akaapa kwa mamake.

Kibatari

Afadhali wewe uliapiwa. Kariakoo mimi niliuziwa mbili, zote mbovu, na niliporudi kesho yake meza ilikuwa inauza soksi.

Mzee wa Poti 53 (mleta uzi)

Wakuu, alicheka. Alicheka nikiwa bado nazungumza.

Ngalawa Mbovu

Tumekusikia, mkuu. Fundi, hiyo CR2032 ukiitoa, mipangilio ya ubaoni inafutika au inabaki?