Mbeya watu 2,707,410 mwaka 2012, iweje 2022 wawe 2,343,754?

mwalimu_jiografia:
Wakuu, salaam. Naandaa jedwali la idadi ya watu Mkoa wa Mbeya kwa wanafunzi wa kidato cha nne, kuanzia sensa ya 1967 hadi ya 2022, pamoja na maelezo mafupi ya mipaka. Sensa ya 2012 inautaja mkoa kwa watu 2,707,410, ya 2022 kwa 2,343,754. Yaani wamepungua 363,656 katika miaka ileile ambayo nchi nzima imepanda kutoka 44,928,923 hadi 61,741,120. Mwaka 2002 nao una takwimu mbili: kitabu kimoja 2,070,046, kingine 2,063,328. Nifuate ipi, na ukuaji wa kila mwaka unakokotolewaje?

Jedwali:
Mwalimu, watu hawajapungua, kilichopungua ni mkoa. Mwaka 2016 upande wake wa magharibi ulimegwa ukawa Mkoa wa Songwe: Mbozi, Momba, Ileje, mji wa Tunduma na Wilaya ya Songwe. Sensa ya 2022 iliukuta Songwe na watu 1,344,687. Ukiwajumlisha na wa Mbeya unapata 3,688,441, na hiyo ndiyo namba inayolingana na 2,707,410 ya mwaka 2012.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kubaki na mipaka ya zamani, yaani safu moja ya "Mbeya pamoja na Songwe" kwa miaka yote. Ni rahisi, na inafaa ukitaka mwenendo wa muda mrefu. Ya pili ni kuigawa sensa ya 2012 kwa mipaka ya leo: Mbeya iliyobaki ilikuwa na watu 1,708,548, na eneo lililokuja kuwa Songwe 998,862. Jumla inarudi 2,707,410 kamili. Jihakikishie hivyo kila mara, maana jumla isiporudi ujue kuna halmashauri umeihesabu mara mbili au umeisahau. Kosa ni kuchanganya njia hizi mbili katika safu moja bila maelezo, na ndicho kilichotokea kwenye jedwali lako.

Kuhusu 2002, tumia 2,063,328. Inakwenda na jumla ya taifa ya 34,443,603, ambayo ripoti za baadaye zimeishika. Ile 2,070,046 ni ya jumla ya 34,569,232 iliyotolewa mwanzoni. Hata 2012 kulitangazwa kwanza 44,929,002, kisha ripoti ikatulia kwenye 44,928,923. Tofauti ni ndogo, lakini ukichukua mkoa kutoka toleo moja na taifa kutoka toleo jingine, jumla ya mikoa haitafika kwenye taifa na utahangaika kutafuta kosa lisilokuwapo.

Ufipa_hadi_Rungwe:
Naongezea upande wa historia, kwa sababu mtego huohuo uko pia mwanzo wa jedwali lako.

Baada ya uhuru, Jimbo la Nyanda za Juu Kusini lilizaa mikoa ya Mbeya na Iringa. Mbeya ya sensa ya 1967 ilikuwa na Sumbawanga ndani yake. Mwaka 1974 ukaundwa Mkoa wa Rukwa kwa kuchukua Sumbawanga kutoka Mbeya na Mpanda kutoka Tabora. Kwa hiyo Mbeya ya ripoti ya awali ya 1967 ni kubwa kwa eneo kuliko Mbeya ya 1978. Ukiziweka bega kwa bega, ukuaji utaonekana mdogo mno. Kwa 1967 tumia takwimu iliyokwisha kurekebishwa, 753,765, na kwa 1978 tumia 1,079,864.

Mpanda ndiyo mfano wa kuwaonyesha wanafunzi. Ilikuwa Tabora, ikawa Rukwa, na tangu 2012 iko Katavi. Mtu asiyejua hayo atadhani Tabora na Rukwa zilikimbiwa na wakazi.

Mikoa mingine nayo ina habari zake. Lindi ilitoka Mtwara mwaka 1971. Ziwa Magharibi ilibadili jina tu mwaka 1979 ikawa Kagera, hapo huna cha kurekebisha. Manyara ilitoka Arusha 2002, Njombe ikatoka Iringa 2012. Hizo zina mzazi mmoja, zinajumlishika kirahisi. Geita ndiyo ngumu: ilichukua Geita na Nyang'hwale kutoka Mwanza, Bukombe na Mbogwe kutoka Shinyanga, na Chato kutoka Kagera. Kwa mkoa wa namna hiyo huwezi kujumlisha mkoa na mkoa, lazima ushuke hadi wilaya.

logi_asilia:
Sasa ukokotoaji. Wengi huchukua ongezeko, hugawa kwa idadi ya mwanzo, kisha kwa miaka 10. Kwa Tanzania 2012 hadi 2022 njia hiyo inatoa asilimia 3.7, wakati kiwango kilichotangazwa ni 3.2. Sababu ni kwamba watoto wanaoongezeka nao hukua na kuzaa, kwa hiyo msingi wa hesabu unapanda kila mwaka.

Gawanya idadi ya mwisho kwa ya mwanzo, tafuta logi asilia ya jibu (kitufe cha ln kwenye kikokotoo), gawanya kwa miaka iliyopita kati ya sensa mbili, kisha zidisha kwa 100. Kwa Mbeya ya mipaka ya leo: 2,343,754 kwa 1,708,548 ni 1.3718, logi asilia yake 0.316, ukigawa kwa 10 unapata asilimia 3.2. Songwe inatoa 3.0, na zote mbili pamoja 3.1. Kwenye Excel ni =LN(B2/A2)/10*100.

Angalia sana hiyo "miaka". Sensa zetu hazikupishana miaka 10 sawasawa. Kati ya 1967 na 1978 ni miaka 11, na kati ya 1988 na 2002 ni 14. Mbeya ya 1988 ilikuwa na watu milioni 1.48 hivi. Kufika 2002 ukuaji ni asilimia 2.4 kwa mwaka, lakini ukigawa kwa 10 kwa mazoea unapata 3.3, na utawafundisha watoto kwamba kulikuwa na mlipuko wa idadi ya watu ambao haukutokea.

Msongamano nao usisahaulike. Usigawe watu wa 2022 kwa kilomita za mraba za kabla ya 2016.

mwalimu_jiografia:
Shukrani sana wakuu, nimewaelewa. Swali la mwisho: kwenye ripoti ya 2012 naiona Chunya moja tu. Hiyo Wilaya ya Songwe naitoa wapi?

Jedwali:
Ndani ya hiyohiyo Chunya. Shuka hadi orodha ya kata. Mkwajuni, Galula, Ngwala na Gua, kwa mfano, zilikwenda Songwe. Lupa na Makongolosi zikabaki Chunya. Andika kata zote za Chunya ya 2012, weka alama ya mkoa wa sasa mbele ya kila moja, ndipo ujumlishe. Kuna kata zilizogawanywa baada ya 2012, kwa hiyo jina likikosekana upande mmoja tafuta vijiji vyake kabla ya kuliacha.

Ufipa_hadi_Rungwe:
Ukimaliza Mbeya, wape wanafunzi zoezi la Dar es Salaam. Kati ya 2012 na 2022 ilitoka 4,364,541 hadi 5,383,728, ukuaji wa asilimia 2.1 kwa mwaka, wakati muongo uliotangulia ulikuwa 5.6. Wataharakisha kusema watu wameacha kuhamia mjini. Waelekeze Pwani: 1,098,668 hadi 2,024,947, asilimia 6.1. Jiji limevuka mpaka wake na kuingia Kibaha, Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo, na sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Anayefanya kazi Kariakoo na kulala Kibaha anahesabiwa Pwani.