Mrejesho: Uzamili wa muziki au wa ushauri nasaha?

Ndugu zangu, mwezi Machi niliwaomba ushauri kama mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya elimu, anayefundisha kwaya na pia kulea wanafunzi wenye misukosuko, asome uzamili wa muziki au wa ushauri nasaha. Wengi mlinielekeza kwenye muziki, na mlionitajia TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni cha Bagamoyo, nawashukuru, ila nilikuwa natafuta ngazi iliyo juu ya stashahada inayotolewa kule.

Nikaomba muziki nje ya nchi. Katika usaili niliwekewa mbele ya kinanda ukurasa wa nota za mistari mitano, nami tangu utotoni nimesoma solfa za kwaya (do, re, mi) tu, hivyo vidole vikaganda kwenye mstari wa pili. Waliniambia, kwa upole lakini bila kuficha, nirudi baada ya mwaka mmoja wa nadharia.

Nimeanza ushauri nasaha hapa nchini, jambo ambalo pia limeniepusha na safari ya kuomba TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) itambue shahada ya nje. Msimamizi wangu amekubali nitafiti matumizi ya ngoma katika unasihi wa vijana. Nota najifunza Jumamosi.