Tupeane uzoefu: nani alijifunza ala kwa sikio tu?

Salaam wandugu. Huku Kampala, mtu asiye na mpango hukujibu kwa Kiingereza "let's play it by ear", yaani tutaamua tukifika. Msemo huu asili yake ni wanamuziki wanaopiga bila noti. Mimi nilifundishwa amadinda, marimba ya mbao, na mzee mmoja wa Buganda, na hiyo maana ya kwenda bila mpango naipinga kabisa. Amadinda ina mbao 12 na wapigaji watatu. Wa kwanza anapiga okunaga, yaani sehemu ya msingi, wa pili anapenyeza sehemu yake, okwawula, katikati ya mapigo ya mwenzake, wa tatu, omukoonezi, ana mbao mbili tu za mwisho, zenye sauti ya juu kabisa. Mmoja akiyumba, wimbo umevunjika. Mzee hakuwa na karatasi. Aliimba, akapiga, akaningoja mpaka nikashika. Nyie je?

Wa Arua: Mimi ni adungu, kinubi cha nyuzi na ngozi, ya kwaya, kanisani. Mwalimu wetu alinikataza kugusa wimbo wowote kabla sijajua kukaza nyuzi mwenyewe. Mvua ikinyesha ngozi inalegea, sauti zinashuka, unaanza upya. Sikio langu lilitengenezwa hapo.

Wa Jinja: Kwetu Busoga kuna bigwala, tarumbeta za vibuyu. Kila moja ina sauti moja, kwa hiyo peke yako huna wimbo. Unasikiliza wenzako, zamu yako ikifika unapuliza. Tangu 2012 zimo katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Vijana wa Busoga, nendeni kwa wazee sasa!

Wa Mengo: Sikio nalo huzeeka, jamani. Lubiri, ikulu ya Kabaka (mfalme wa Buganda), iliposhambuliwa 1966, wapigaji wa entenga, zile ngoma za Kabaka zinazopigwa kama marimba, walitawanyika. Bahati yetu mtafiti wa muziki Hugh Tracey alikuwa amewarekodi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Naomba kila mwenye simu amrekodi mzee wake.

Wa Arua: Ndugu wa amadinda, huyo omukoonezi anajuaje aingie wapi?

Mwanzilishi: Anasikiliza wenzake wawili kwa pamoja. Katika mchanganyiko wao, kila zinapotokea zile sauti mbili za chini kabisa, yeye anazirudia juu. Anza kwa kuziimba tu, bila fimbo mkononi. Ukiweza kuziimba bila kukosa, kaa kwenye ala.