Uzi wa malalamiko: Mnatuuzia geini, habari ya spika hamsemi

Wanajukwaa, salaam.

Naufungua uzi huu nikiwa nimekasirika, na namwomba msimamizi asiuhamishie kwenye jukwaa la matangazo kwa kuwa siuzi chochote. Malalamiko yangu yanawahusu wauzaji wa vyombo vya muziki, walimu wa video za mtandaoni na baadhi ya mafundi wa studio zetu, ambao wamewaaminisha vijana wanaorekodi roki nzito na metal vyumbani mwao kwamba mlio mbovu wa gitaa hutibiwa kwa kununua kitu kingine, na kitu hicho siku zote huwa ni cha kuongeza geini, yaani nguvu ya kuisukuma sauti ya gitaa hadi ikwaruze.

Yupo kijana hapa mtaani kwetu ambaye alikwenda kwenye duka moja la vyombo vya muziki jijini Dar es Salaam akiwa na rekodi yake kwenye simu. Muuzaji aliisikiliza kwa sekunde chache, akatikisa kichwa, akamwambia: "Kaka, hapa geini haijatosha. Chukua hii pedali, utakuja kunishukuru." Kijana akalipa, akaichomeka pedali kati ya gitaa na intafesi (kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta), na mlio ukawa wa nyuki waliofungiwa ndani ya debe, wengi kuliko wale wa mwanzo. Aliporudi dukani hakuulizwa swali hata moja kuhusu namna anavyorekodi. Aliambiwa tu kwamba sasa tatizo ni pikapu, zile sumaku za kwenye gitaa zinazonasa mtetemo wa nyuzi, na kwamba pikapu nzuri zipo, ila bei yake imechangamka kidogo. Hakuna aliyemuuliza: baada ya hiyo pedali, sauti yako inapita kwenye spika gani?

Haikuwa inapita kwenye spika yoyote, na hilo ndilo lililokuwa tatizo zima. Unapoikwaruza sauti ya gitaa kwa distosheni, vilele vya mawimbi hukatwa, na kule kukatwa huzalisha sauti nyingine nyingi za juu ambazo nyuzi zenyewe hazikuzitoa. Zile za juu kabisa ndizo zinazokereketa masikio. Katika amplifaya halisi mtu huzisikia kwa shida, kwa sababu spika ya gitaa ya inchi 12 si spika ya kusikilizia muziki: Celestion, watengenezaji wa spika, wenyewe huandika kwamba spika yao ya Vintage 30, ambayo imesikika kwenye rekodi nyingi mno za muziki mzito, hufanya kazi kati ya Hz 70 na Hz 5,000 hivi (Hz ni mitetemo kwa sekunde; ikiwa mingi, sauti ni ya juu), na juu ya hapo sauti huporomoka kwa kasi. Spika ndiyo inayochuja. Ukilichomeka gitaa lenye distosheni moja kwa moja kwenye kompyuta, unakuwa umeondoa chujio lote na kuacha makapi, halafu mtu anakushauri uongeze makapi.

Wala hili si jambo jipya la zama za kompyuta. Mwaka 1964 Dave Davies, mpigaji gitaa wa bendi ya Uingereza ya The Kinks, aliichana kwa wembe karatasi ya spika ya amplifaya yake ndogo ili apate mlio wa kukwaruza, maana yake mlio huo ulizaliwa kwenye spika yenyewe. Iweje leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, mtu anayejiita mtaalamu aendeshe video ya dakika arobaini kuhusu mlio mzito bila kuitaja spika?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba tiba ipo na haina gharama. Kuna faili ndogo zilizorekodiwa kutoka kwenye spika halisi zilizotegeshewa maikrofoni, ambazo wenyewe wanaziita IR, na nyingi zinagawiwa bure. Programu za kuzisomea, kama NadIR ya Ignite Amps, nazo ni bure. Neural Amp Modeler ya Steven Atkinson, ambayo huiga amplifaya halisi kwa kiwango cha kushangaza, ni bure na msimbo wake uko wazi. Kijana niliyemtaja aliwekewa faili moja ya IR baada ya amplifaya ya kwenye kompyuta, akaizima kabisa ile pedali, na kwa mara ya kwanza gitaa lake likasikika kama gitaa. Fedha zake za pedali hazikurudi, bila shaka.

Na tukisema habari ya pedali, ngoja nieleze kejeli iliyopo. Pedali ile ilikuwa ya ukoo wa Tube Screamer, ya kijani, ambayo wapigaji wa metal huitumia kweli. Wanaitumia hivi: kitufe cha distosheni hushushwa hadi karibu na sifuri, kitufe cha ukubwa wa sauti hupandishwa, kisha pedali hutangulizwa mbele ya amplifaya ambayo tayari ina geini ya kutosha. Kazi yake pale ni kupunguza besi kabla haijakwaruzwa na kusukuma sauti za kati, zile za kuzunguka Hz 720, ili nyuzi nene zikizibwa kwa kiganja zitoe pigo kavu badala ya tope. Muuzaji aliuza kifaa sahihi kwa maelezo yaliyo kinyume kabisa na kazi yake.

Nisiwasahau wauza vifurushi vya mipangilio, hawa wanaotangaza kwamba kwa malipo kidogo utapata mlio uleule wa bendi fulani kubwa. Mpangilio wa amplifaya hautembei wenyewe kutoka chumba hadi chumba. Unategemea nguvu ya pikapu na kiwango cha sauti kinachoingia kwenye intafesi, kiasi kwamba mipangilio ileile huwa na geini pungufu kwa mmoja na kupitiliza kwa mwingine. Muuzaji anayajua haya, lakini hasemi alitumia gitaa la aina gani wala sauti iliingia kwa kiwango gani. Wengine hawasemi hata kama nakala yao ya amplifaya tayari ina spika ndani yake, hivyo mnunuzi anaongeza IR juu ya IR na kupata sauti iliyofunikwa blanketi, kisha anaambiwa aongeze trebo.

Sikiliza pia matangazo yao kwa makini. Gitaa halipigwi peke yake hata mara moja. Linakuja pamoja na ngoma, likiwa limerekodiwa mara mbili kushoto na kulia, na chini yake kuna gitaa la besi linalofanya kazi kubwa ambayo msikilizaji anaihesabu kuwa ni ya gitaa la kawaida. Uzi mnene wa gitaa lililotuniwa kwa kawaida unaanzia Hz 82. Besi iko oktavu moja chini yake, kwenye Hz 41. Ule uzito unaotikisa kifua kwenye rekodi hutoka kwa besi kwa sehemu kubwa, na kijana anayejaribu kuupata kwa gitaa pekee ataongeza besi kwenye amplifaya hadi kila kitu kiwe uji.

Hapo ndipo mafundi wetu wa studio wanapoingia. Mimi mwenyewe nimepeleka kazi kwa fundi mmoja mwenye jina, mtu ambaye gitaa safi la rumba analirekodi hadi unatamani kucheza. Gitaa safi huvumilia kuingizwa moja kwa moja kwenye mixa, na inaelekea yeye alidhani gitaa zito ni hilohilo isipokuwa lina makelele. Aliongeza sauti za Hz 60 kwenye magitaa yangu kwa hoja kwamba "muziki bila besi ni redio ya mkulima, mkuu wangu", wakati kwenye eneo hilo gitaa lililotuniwa kwa kawaida halina noti yoyote, lina vishindo vya kiganja tu ambavyo hupigana na ngoma kubwa. Kisha akaweka kompresa nzito, yaani kifaa cha kubana tofauti ya sauti kubwa na ndogo, juu ya sauti ambayo distosheni ilikwisha kuibana. Nilipolalamika nilijibiwa kwamba huu si muziki wa kwetu, kwa hiyo nisitegemee makubwa. Duma, bendi ya muziki mzito, ni wa Nairobi, na albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Wa kwetu ni nani, basi?

Fundi huyohuyo alinifanyia jambo ambalo nalisikia kwenye rekodi nyingi za nyumbani. Alichukua rekodi moja ya gitaa, akainakili, nakala akaichelewesha kwa milisekunde kadhaa, moja akaitupa kushoto na nyingine kulia, akaniambia sasa gitaa limepanuka. Kwenye hedifoni lilipanuka kweli. Kwenye simu yenye spika moja, au popote ambapo pande mbili hujumlishwa kuwa moja, nakala hizo hupambana, masafa fulani hufutana, na gitaa hubaki jembamba lenye sauti ya kupitia kwenye bomba. Upana wa kweli hupatikana kwa kupiga sehemu ileile mara mbili, kwa mkono, kwa sababu tofauti ndogondogo za mpigo ndizo zinazolifanya sikio lisikie magitaa mawili. Kwa kuwa kila upigaji una distosheni yake na zote hujumlishwa, geini inayotakiwa kwa kila mmoja ni ndogo kuliko unavyodhani ukiwa unapiga peke yako.

Suala la intafesi nitalipita haraka, lakini siliachi. Kuna maduka yanayouza vimixa vya USB kama "studio kamili ya gitaa" ilhali havina tundu la ala lenye ukinzani mkubwa. Gitaa lenye pikapu za kawaida linahitaji tundu la takriban megaohmu 1. Ukilichomeka kwenye tundu la laini la kilohmu 10, sauti zake za juu hudidimia na mpigo huwa mzito usio na makali kabla hata programu haijafunguliwa. Kitufe cha kuchagua ala ni kidogo tu, lakini mteja ana haki ya kuambiwa kama kipo au hakipo. Vivyo hivyo muungurumo wa Hz 50 unaotokana na nyumba zisizo na waya wa ardhini: kabla ya kumuuzia mtu kifaa cha kukata kelele, ambacho pia hukata mikia ya noti zake, mwambieni kwanza achomoe chaja ya laptopu na ajaribu kurekodi kwa betri.

Najua watakuja wale wa kusema kwamba mlio uko vidoleni. Sikatai kwamba mkono una nafasi yake, hasa kwenye muziki huu, ambapo kupeleka kiganja mbele sentimita moja kunabadilisha kila kitu, na uzi mmoja uliolegea kidogo unaichafua kodi nzima (noti zinazopigwa pamoja) kwa sababu distosheni huzigonganisha noti zote zilizopo. Ninachokataa ni kumjibu hivyo mtu ambaye hana spika kwenye mnyororo wake wa sauti. Vidole vya Tony Iommi wa Black Sabbath mwenyewe visingeokoa rekodi ya namna hiyo.

Vilevile wengi wetu tunakaa nyumba za kupanga, tunarekodi usiku kwa sauti ya chini ili majirani wapumzike, na hakuna mwalimu wa video hata mmoja niliyemsikia akitoa tahadhari kwamba sikio la binadamu husikia besi kidogo sauti inapokuwa chini, jambo ambalo Fletcher na Munson walilipima na kulichapisha mwaka 1933. Matokeo yake ni kwamba kijana anapandisha besi na trebo na kuzifuta sauti za kati, anapata mlio mtamu saa sita usiku, na ngoma zikiingia gitaa linapotea lote kwa kuwa sauti za kati ndimo gitaa linamoishi.

Kwa hiyo nawataka wanaouza vifurushi humu waweke chini ya kila tangazo rekodi ya gitaa peke yake, bila ngoma wala besi, pamoja na ile sauti kavu kabla ya amplifaya, na waseme ni IR gani waliyotumia, pikapu gani, na sauti iliingia kwa kiwango gani. Wenye maduka nao watuambie hadharani kama wanaruhusu mteja kuijaribu pedali ikiwa imepitia spika au IR kabla hajalipa. Na yeyote atakayenijibu kwamba gitaa langu ni la bei rahisi, aambatanishe rekodi yake kavu nami nitaambatanisha yangu, tuzipitishe zote mbili kwenye amplifaya moja na IR moja, wanajukwaa wasikilize bila kuambiwa ipi ni ya nani.